Nyumba ya kupangisha Tanga: familia huangalia nini kabla ya kulipa kodi

Ndugu mleta mada, umeeleza kuwa una nyumba ya vyumba vitatu Nguvumali, kwamba kila anayeingia ni kijana anayeishi peke yake na huhama mkataba wa kwanza ukiisha, na unauliza kama dari ya jipsamu na taa za rangi zitakuletea familia ya kutulia. Ninapangisha nyumba Makorora na Mikanjuni kwa miaka mingi, na karibu wapangaji wangu wote ni watu wenye watoto. Ushauri wangu ni kwamba fedha ya jipsamu uielekeze kwenye maji, jiko na ua, kwa sababu mara nyingi anayeamua familia ikae wapi si baba anayekuja kulipa kodi, bali ni mama atakayeshinda humo kutwa.

Mama mmoja aliyekuja kuona nyumba yangu ya Mikanjuni hakuinua macho kutazama dari hata mara moja. Alifungua bomba la jikoni akaliacha litiririke, akaenda bafuni akafungua na la huko ili aone kama la jikoni litapungua nguvu, kisha akarudi akasimama mbele ya sinki, ambako palikuwa na ukuta mtupu. Akaniuliza, "Baba, nikiwa hapa naosha vyombo, mtoto akianguka uani nitamwonaje?" Nilimwita fundi, tukatoboa ukuta ule na kuweka dirisha pana linalotazama uani. Familia ile ipo hadi leo, na kitinda mimba wao sasa yuko sekondari.

Nianze na maji, kwa kuwa hapo ndipo wapangaji wengi hupotea. Hata mtaa ambao Tanga UWASA inaufikishia maji vizuri, nyumba yenye watoto haiwezi kutegemea bomba la mtaani peke yake. Simtanki la lita 1,000 ni madumu 50 ya lita 20, na familia ya watu sita inayopika, kufua na kuoga asubuhi na jioni kwa joto letu hili huyamaliza kwa siku mbili au tatu. Weka la lita 2,000 ukiweza, na ulipandishe juu ya mnara wa zege, kwa sababu maji yanayoshuka yenyewe hupata nguvu kutokana na kimo: mita 10 za kimo hutoa takriban baa 1 ya msukumo, kwa hiyo tangi lililo mita moja tu juu ya bomba la kuogea hutoa sehemu ya kumi ya nguvu hiyo, na mtoto ataoga kwa matone. Kama una kisima na maji yake yana chumvi, jambo la kawaida kwa visima vilivyo karibu na bahari, mwambie mpangaji mapema na uyapeleke chooni na kwenye kufulia kwa mabomba yake yenyewe. Mtu akikuta chumvi kwenye chai baada ya kulipa kodi, hatakuamini tena kwa lolote.

Jiko la ndani lenye sinki na meza ya zege kwa ajili ya gesi ni la lazima, lakini halitoshi. Nyumba nyingi hapa hutumia gesi kwa chai na mboga, na maharage au makande hubaki kwenye mkaa. Usipomwandalia mama mahali pa kuweka jiko la mkaa, mvua za masika zikija ataliingiza ndani, na mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu wakiwa usingizini. Jenga kibanda uani, chenye paa na kilicho wazi pande mbili, pamoja na kamba za kuanikia nguo chini ya bati. Gharama yake ni ndogo, na sijaona mama aliyekipita bila kusimama.

Suala la faragha wenye nyumba wengi hulidharau, nami naliona ni kubwa. Katika mji wetu, mgeni wa kiume hukaribishwa barazani au sebuleni, na wanaoishi humo hawapendi kwamba akiwa ameketi pale aone mlango wa bafu au vyumba vya mabinti. Pazia zito au mlango mmoja kwenye korido hutatua jambo hilo. Ua nao uwe na ukuta wa kumzidi mtu kimo, ili wanawake wafue na kupika bila kujifunika kwa ajili ya wapita njia. Chooni weka bomba la maji karibu na pa kukalia, na ukiwa na vyoo viwili, kimoja kiwe cha kukaa kwa ajili ya bibi au babu atakayekuja kuishi nao.

Kuhusu usalama wa watoto sina mjadala. Kisima kiwe na mfuniko wa zege au chuma wenye kufuli, na shimo la maji taka lifunikwe kwa zege nzima isiyo na ufa. Marumaru za bafuni na barazani ziwe za kukwaruza, kwani zile zinazong'aa huteleza zikilowa. Wavu wa mbu uwekwe kila dirisha, uwe wa plastiki au aluminiamu, maana wa chuma huliwa na kutu ya upepo wa bahari upesi sana, na fremu yake iwe ya kutoka ili uoshwe. Wavu uliojaa vumbi huzuia upepo, na wakati wa kaskazi watoto hawalali. Kuta zipakwe rangi ya mafuta hadi usawa wa kifua, ili michoro ya mkaa na alama za mikono zifutike kwa kitambaa. Acha pia nafasi ya kuegesha baiskeli ndani ya ua, kwa kuwa Tanga ni mji wa baiskeli.

Sasa malipo. Tangu mradi wa bomba la mafuta kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani hapa Tanga uanze, wenye nyumba wengi huwaza wafanyakazi wanaolipa mwaka mzima kwa mkupuo. Mwalimu au muuguzi mwenye watoto watatu hana fedha hiyo kwa mara moja. Mimi hupokea kodi ya miezi mitatu mitatu, kwa mkataba ulioandikwa, wala siweki sharti la idadi ya watoto. LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, iwe ya nyumba yako peke yake. Kumbuka pia kwamba tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa mtu anaponunua umeme, na kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa sasa ni shilingi 1,500 kwa mwezi. Deni hilo ni la mwenye nyumba, si la mpangaji, hivyo mimi hupunguza shilingi 18,000 kwenye kodi ya pango kila mwaka. Ni fedha kidogo, lakini wapangaji husimuliana, na nyumba zangu hujazwa na jamaa za wapangaji waliopo kabla dalali hajajua kuwa kuna chumba kitupu.

La mwisho ni majira. Mwaka wa masomo huanza Januari, na familia haipendi kumhamisha mtoto shule katikati ya muhula, kwa hiyo wanaotafuta nyumba kwa dhati hupita Novemba na Desemba. Kazi za bati na ukuta zimalize kabla ya vuli kuanza Oktoba, rangi ipate muda wa kukauka, na Novemba ikifika maji yawe yanatoka.