Taa za vitufe kwenye kabati la gemu: zipe umeme wake, usizining'inize kwenye USB

Mkuu, nimekuelewa. Kabati la gemu umelimaliza, vitufe vya taa umeagiza vya volti 12, umeme wake umeuchukua kwenye bodi ndogo ya USB inayosoma jostiki, na vinawaka kama kibatari kinachoishiwa mafuta. Ukaongeza mita moja ya utepe wa WS2812B (taa ndogo za rangi zinazoamriwa moja moja) kwa ajili ya bango la juu, ukauendesha kwa Arduino, ile bodi ndogo ya kuprogramu, kupitia hab (kigawanyo cha matundu) ya USB isiyo na umeme wake, ileile iliyochomekwa jostiki. Sasa bango likiwaka jeupe, jostiki inapotea kwenye kompyuta katikati ya mchezo.

Usinunue bodi nyingine kwanza. Hiyo uliyonayo sioni dalili kwamba ni mbovu. Imepewa kazi ya kusoma vitufe, wewe unaitaka ilishe na taa.

Piga hesabu. Tundu la USB 2.0 linatoa volti 5 na miliampea 500, na hab ya namna yako inazigawa hizohizo kwa kila kilichochomekwa. WS2812B moja ikiwaka nyeupe kamili inaweza kula hadi miliampea 60. Kama utepe wako ni ule wa taa 60 kwa mita, hapo unadai ampea 3.6, yaani mara saba ya kilichopo. Volti inashuka, bodi ya jostiki inazimika, kompyuta inaona kama umechomoa waya. Vitufe navyo vina rezista ndani iliyopangwa kwa volti 12. Ukivipa 5, mkondo unaopita ni kidogo mno, na hakuna programu itakayokusaidia hapo.

Mimi kabati langu liko Nyegezi, hapa Mwanza, na linakula kwenye pawa saplai ya kompyuta ya mezani iliyokufa. Zungukia mafundi wa kompyuta mjini, wengi wana rundo lake chini ya meza. Waya wa njano ni volti 12, mwekundu ni volti 5, mweusi ni hasi. Ili iwake bila kompyuta unaunganisha waya wa kijani na mweusi wowote, ukiweka swichi katikati. Nyingine za zamani zinayumba kwenye 12 kama 5 haina mzigo, ila wewe utepe wako utakuwa ndio mzigo wenyewe. Kasha lake usilifungue, kapasita za ndani hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa. Weka fyuzi kwenye kila waya chanya unaotoka: kwa vitufe ampea 1 inatosha sana, maana vitufe kumi vya miliampea 20 ni ampea 0.2 tu. Kwa utepe weka ampea 5.

Sasa vitufe, na hapa ndipo bodi nyingi zinapofia. Kitufe cha taa kina miguu minne. Miwili ni ya swichi, imeandikwa COM (wa pamoja) na NO (unaoungana nao ukibonyeza), hiyo inakwenda kwenye bodi ya USB. Miwili ni ya taa, hiyo inakwenda kwenye pawa saplai. Volti 12 ikigusa mguu wa swichi, bodi ya jostiki inaungua papo hapo, hata moshi huenda usiuone. Kwa hiyo tumia rangi. Mimi waya wa taa ni njano na nyeusi tu, na wa swichi ni rangi yoyote isipokuwa hizo mbili. Zungusha mnyororo wa njano mmoja kitufe hadi kitufe, na mweusi mmoja vilevile, badala ya kuvuta jozi kumi hadi kwenye pawa saplai. Miguu hiyo huwa na upana wa milimita 4.8 au 2.8, pima kabla ya kununua lagi za kubana. Kulehemu moja kwa moja kwenye mguu sikushauri, plastiki inalegea kwa joto na siku kitufe kikifa utakata waya. Taa moja ikigoma wakati nyingine zinawaka, chomoa balbu yake uigeuze, LED inachagua upande.

Kama unataka taa ziwake muda wote tu, kazi imeishia hapo, na hasi ya taa haina haja ya kukutana na hasi ya USB.

Ila umesema unataka zifuate mchezo. MAME, programu ya kuchezea gemu za mashine za zamani kwenye kompyuta, inaweza kutoa taarifa za taa za mashine, na kuna bodi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, kama LED-Wiz yenye njia 32, lakini kuiagiza hadi Mwanza ni gharama, na Arduino tayari unayo. Pini yake haitakiwi kubeba zaidi ya miliampea 20 hivi, wala haiwezi kukata volti 12, kwa hiyo weka ULN2803 katikati, chipu inayofanya kazi ya swichi kwa amri ya Arduino. Hiyo ina njia nane. Chanya ya taa zote inabaki kwenye njano, hasi ya kila kitufe, badala ya kwenda kwenye mnyororo mweusi, inaingia kwenye mguu wake wa ULN2803, na Arduino inaamua ipi iunganishwe na hasi ili taa yake iwake. Inameza karibu volti moja. Kwenye 12 hutaona tofauti, kwenye 5 utaona, ndiyo maana nafurahi ulinunua vya 12. Kwa mpangilio huu hasi ya pawa saplai na hasi ya Arduino lazima ziungane. Chanya za volti 5, ya USB na ya pawa saplai, zisikutane kamwe.

Utepe vilevile: umeme kutoka waya mwekundu, hasi ya pamoja, rezista ya omu 330 hadi 470 kwenye waya wa data, na kapasita ya mikrofaradi 1000 mwanzoni mwa utepe. FastLED, maktaba ya programu za Arduino ya kuendesha taa hizi, inakuruhusu kuweka kikomo cha miliampea ndani ya programu. Kiweke 1500 na bango bado litasomeka vizuri kutoka mlangoni.

Kwa sisi wa pembeni mwa ziwa kuna la ziada. Bango jeupe linaita wadudu wa ziwani, na usiku wakivuma watajaa kwenye kila tundu la kupitisha hewa. Mimi nimebandika wavu wa dirishani kwa ndani, na usiku bango naliacha kwenye rangi ya kaharabu, wanapungua. Unyevu nao unafanya shaba iwe ya kijani, kwa hiyo usiache ncha ya waya wazi.

Kuhusu fundi, ukikwama waulize wanaotengeneza taa za wavuvi wa dagaa pale Igombe au Kirumba. Betri ya volti 12 na LED ndiyo kazi yao ya kila siku, wengine wana ULN na fyuzi mkononi. Kabla ya kurudisha USB, washa taa peke yake, weka mita ya kupimia volti kati ya kila mguu wa NO na waya mweusi, kisha kati ya COM na mweusi. Popote ikisoma volti yoyote, kuna waya umekosea njia, na bodi ya jostiki ibaki mezani kwanza.