Kurambaza mkondo wa Pemba: vifaa vya samoni viacheni huko huko, akili yao chukueni

Siku hizi vijana wananitumia video sana, wa Nungwi, wa Mkoani, hata mmoja wa Wete, zote ni zile zile, jamaa wa Marekani yuko Ziwa Michigan anarambaza, yaani anavuta chambo nyuma ya boti inayokwenda, boti imejaa rodi kila upande, anapandisha samoni mmoja baada ya mwengine, afu swali linafuata, yakhe hivi vitu ntavipata wapi. Jibu langu fupi ni usivinunue. Refu ndo hili.

Kwanza muelewe yule jamaa anavua nini. Wale samoni wala si wenyeji wa ziwa lile, waliletwa kutoka pwani ya Pasifiki, aina ya coho wakatiwa mwaka 1966 na chinook mwaka uliofuata, ili wapate kula vile visamaki vidogo vilivyokuwa vimezidi ziwani. Samoni na jamaa yake trauti wote ni samaki wa maji baridi. Kiangazi maji ya juu yakishika joto wanashuka kufuata ubaridi, nyuzi 10 mpaka 13 hivi, na hapo wanaweza kuwa mita 20 au 30 chini wakati boti inapita juu yao. Kwahiyo shida ya mvuvi wa kule ni moja tu, amfikishie chambo kule kule aliko. Ndo maana unaona winchi dogo ubavuni mwa boti lina waya na tufe la risasi la kilo 4 au 5, mshipi unabanwa na kibanio karibu na tufe, samaki akivuta kibanio kinaachia na mtu anapigana nae bila ule uzito. Wana pia kisahani cha plastiki kinachopiga mbizi, na mshipi wenye risasi ndani uliotiwa rangi tofauti kila yadi 10 ili ajue ametoa kiasi gani. Mwendo wao wa taratibu, maili 2 mpaka 3 kwa saa basi.

Sasa wewe uko kwenye mkondo wa Pemba, yaani ile bahari kati ya Pemba na bara. Maji ya juu yana nyuzi 25 mpaka 30 mwaka mzima, chini yako kuna mamia ya mita, na unaemtafuta ni nguru, jodari, fulusi, ukibahatika sulisuli. Hawa wanawinda kwa macho na kwa mbio, na mara nyingi wanapanda juu wenyewe kufata dagaa na vibua. Ukilitia lile tufe la kilo 5 nyuma ya boti inayokwenda noti 6 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa) halizami, waya unalala nyuma tu, hela umezimwaga baharini.

Lakini wale jamaa wana kitu kimoja ambacho huku wengi wetu hatukishughulikii. Wao wanataka kujua chambo kinakwenda mwendo gani kule kule kilipo, sio boti inakwenda mwendo gani. Wengine wanafunga kipimo juu ya lile tufe la risasi kiwaletee habari ya mwendo na joto la maji ya chini, kwa sababu mkondo wa chini unaweza kuwa mwengine kabisa na wa juu. Ziwa hilo! Sisi tuna bahari, tuna mkondo wa pwani unaokwenda kaskazini mwaka mzima na kusi likivuma unazidi nguvu, na hapo bado hujatia maji kujaa na kupwa, afu mtu anatazama GPS ya simu, imeandika 6, anaridhika.

Fanya hesabu. Mkondo unakwenda kaskazini noti 2. Umetoka Nungwi unapanda kaskazini, simu inasema 6. Ndani ya maji chambo chako kinakwenda 4. Ukigeuza kurudi kusini simu inasema 6 ile ile, chambo sasa kinakwenda 8, samaki wako wa plastiki anaruka juu ya maji au amelala ubavu anazunguka, na wewe unasema leo hakuna samaki. Samaki yupo bwana. Katika magrupu ya WhatsApp watu wanagombana rangi, mara kijani, mara pinki, mie naona rangi ni jambo la mwisho kabisa, nshaona nguru anaacha chambo kizuri cha bei mbaya na kupiga kingine kilichochubuka rangi yote kwa sababu kile kilikuwa kinaogelea sawasawa.

Simu itie mfukoni, tazama chambo. Kabla hujatoa mshipi wote kishushe ubavuni mwa boti mahali unapokiona vizuri, nje ya povu la mashine, na boti iwe kwenye mwendo ule ule utaokwenda nao. Samaki wa plastiki mwenye ulimi mbele, hizi Rapala na jamaa zake, anatakiwa atikisike haraka haraka huku amesimama wima, na ncha ya rodi inatetemeka bila kukatika. Akivutia kushoto shika koleo ukipinde kile kijicho cha mbele unapofungia mshipi kidogo tu kwenda kulia, rudisha majini, tazama tena. Kidogo tu nimesema. Wengi wao wanapenda noti 4 mpaka 6. Wale pweza wa plastiki wenye kichwa kizito wanastahamili zaidi, 6 mpaka 8, na kazi yao ni kuzama, kutoka na kuacha mstari wa mapovu nyuma, sasa ukichanganya aina zote mbili kwenye boti moja lazima mmoja utamuonea, kwahiyo mie huchagua moja kwa siku.

Jengine la kuwaiga ni kukata kona. Usiende mstari ulionyooka kama reli. Ukikata kona, chambo cha upande wa ndani kinapunguza mwendo na kuzama, cha nje kinaongeza. Samaki akipiga cha ndani anakwambia punguza, akipiga cha nje ongeza. Ni kipimo cha bure, hakitaki betri.

Kuhusu kina, asubuhi na mapema nguru yuko juu, jua likishapanda anashuka na kujibana kwenye ukingo wa mwamba. Hapo ndo chubwi, ile risasi ya kuzamishia mshipi, inafanya kazi. Funga chubwi mita tano sita mbele ya chambo, punguza mwendo, inatosha kukushusha mita kadhaa, na kama unataka zaidi kuna kile kibao cha kuzamisha ambacho samaki akipiga kinageuka na kupanda juu chenyewe. Wazee wa ngalawa walikuwa wakirambaza kwa tanga na mshipi wa mkono, kina wanakijua kwa vidole.

Na upite wapi? Kandokando ya ukingo, sio kuukata katikati. Kaskazini ya Nungwi kuna lile benki la Leven, yaani mwamba ulioinuka chini ya bahari, maji yanatoka kwenye kina kirefu yanakutana na mwamba yanapanda juu, na chakula kinapanda nayo, dagaa wanakuja, wakubwa wanafuata. Ukiona ndege wanajitupa majini usiwapite katikati na boti, utawazamisha samaki wote, zunguka pembeni chambo ndo kipite ukingoni mwa kundi. Na tafadhalini, Misali kuna eneo la hifadhi lisilovuliwa kabisa, na Mnemba nako kuna taratibu zake, uliza kamati ya wavuvi ya pale kabla hujatia mshipi.

Chambo chenyewe, kama hela ya plastiki huna, chuchunge anashinda vyote, mie nampenda kuliko hizo Rapala. Mchukue akiwa mbichi, jicho angavu linang'aa. Mkamue tumbo taratibu kutoka kichwani kwenda mkiani mpaka uchafu utoke, afu mkunje mgongo huku na huku mpaka uusikie uti unalegea, asipolegea atakwenda kama kijiti. Ndoana ingia nayo kwenye mashavu, itokee tumboni, tundu la kutokea lipanue kidogo na kisu ndoana isimvute akajikunja. Mdomo ufunge na waya mwembamba pamoja na ule mdomo wa chini mrefu, uuvunje ubakie kipande, kwa sababu mdomo ukifunguka unajaa maji, samaki anazunguka na mshipi wote unajisokota. Ukiwatia kwenye chumvi ya mawe usiku kucha wanakuwa wagumu, hawapasuki haraka. Mwendo wa chuchunge ni noti 3 mpaka 5.

Waya. Kwa nguru na mzia tia waya wa chuma mfupi mbele, meno yale yanakata nailoni hujajua hata kama umepigwa. Nguru pia ana tabia ya kukata mkia na kukuachia kichwa, kwahiyo tia ndoana ya pili nyuma. Kwa jodari ni kinyume, ana macho makali, waya unamkimbiza, tumia nailoni nzito peke yake.

Breki ya rili iweke theluthi ya nguvu ya mshipi. Mshipi wa ratili 30, breki ratili 10, pima kwa mizani ya mkono kabla hujatoka, usipime kwa kuvuta na kidole ukasema imekaza. Rili ikilia nahodha asizime mashine papo hapo, mwambie aendelee kidogo ndoana iingie, na jodari huwa wako kundi, wa pili anaweza kupiga kabla wa kwanza hajageuka. Afu ndo mnapunguza, mishipi mengine inavutwa ndani haraka, mmoja anashika rodi, mmoja usukani, basi, wengine wakae chini na wanyamaze, boti yenye manahodha watano inapoteza samaki.

Na barafu. Nawaona watu wanalaza jodari sakafuni juani wanapiga picha mpaka wanafika Mkokotoni. Jodari na nguru wakikaa na joto nyama inatengeneza sumu inayomtoa mtu vipele, uso mwekundu na kichwa kuuma, na hata umpike vipi au umkaange haitoki. Mtoe damu, mtoe matumbo, mtie barafu hapo hapo baharini. Barafu haipatikani mlikotokea, basi wahini kurudi, hata kama samaki bado wanapiga.