Maswali ya Wasomaji: Rimoti Haikati Umeme

SWALI: Mhariri, shikamoo. Kila usiku tunazima runinga, king'amuzi na sabufa kwa rimoti, lakini uniti za LUKU zinakwisha upesi. Ni zile taa nyekundu? – Msomaji, Mafinga

JIBU: Marahaba. Rimoti inakilaza tu kifaa, umeme unaendelea kuingia. Runinga ya LED ya miaka ya karibuni ikilala hula kama wati 0.5, haifiki hata uniti 1 kwa mwezi. Mlaji ni king'amuzi. Cha wati 10 kikilala saa 20 kwa siku, kwa siku 30 ni uniti 6, na kwa mteja wa D1 (kundi la TANESCO la nyumba zinazotumia umeme kidogo) mwenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi hizo si kidogo. Sabufa za bei rahisi nazo transfoma haipumziki: ipapase mgongo alfajiri. Ukiwa vuguvugu na baridi yote hiyo ya Mafinga, umeme unapita.

Usikisie, pima. Zima kila kitu, friji pia, ubaki na hivyo vitatu vikiwa vimelala. Mita ina kitaa kinachopepesa, na kando yake pameandikwa, mathalani, 1000 imp/kWh, yaani mipepeso 1000 kwa kila uniti. Hesabu sekunde kutoka mpepeso mmoja hadi unaofuata, kisha gawanya 3,600 kwa sekunde hizo, upate wati. Sekunde 180 ni wati 20. Kwa mita ya 1600, tumia 2,250 badala ya 3,600.

Vichomeke vyote kwenye ekstensheni moja yenye swichi. Zima kwa rimoti, subiri nusu dakika, ndipo ubonyeze swichi. King'amuzi kikikatiwa umeme katikati ya kusasisha programu kinaweza kugoma kuwaka. Pasi isiingie humo, itaunguza swichi.

Ila kama bafuni kuna hita ya tangi, anza na hiyo. Ikiachwa imewashwa kutwa, maji hupoa na hita hujiwasha tena na tena hata asipooga mtu, na kwenye baridi ya nyanda za juu hupoa haraka kuliko pwani. Hita ya wati 1,500 huchukua kama saa 1 na dakika 20 kupasha lita 50 kutoka nyuzi 15 hadi 50. Iwashe muda huo kabla ya kuoga, kisha izime.

SWALI: Chaja ya simu ikibaki ukutani bila simu? – Msomaji, Uyole

JIBU: Chaja nzuri haizidi wati 0.3, yaani uniti 0.2 kwa mwezi. Ichomoe kwa ajili ya radi, hasa mvua za Novemba hadi Aprili.