Bustani ya uani ni ya vuli, si ya masika

Kila mwaka hapa Zanzibar ikiingia Machi, wingu la kwanza tu likijikusanya, majembe yanatoka stoo na watu wanaanza kulima uani. Mimi siku hizo nimekaa zangu. Masika ni mvua ya mpunga, ya muhogo na ya migomba, na wenye makonde wana haki ya kuikimbilia. Lakini bustani ndogo ya nyumbani, ile unayokwenda kuchuma mboga na chungu kishatelekwa, mvua yake ni ya vuli.

Masika inapiga kutwa kucha. Mbegu za mchicha ulizomwaga asubuhi, jioni ziko mtaroni. Samadi inachujuka ikazama chini kabla mizizi haijaifikia, na mche wa bilingani uliosimama majini wiki nzima unaoza pale shina linapoingia udongoni. Vuli, kuanzia Oktoba hadi Disemba, inakuja kwa mapigo mafupi: inamwaga, inakatika, jua linatoka, ardhi inafuka. Mboga hazitaki zaidi ya hapo. Ila vuli haina ahadi. Mwaka mwingine inachelewa, mwaka mwingine inapiga mara mbili tatu ikanyamaza, na anayeingoja bila ya kujipanga ataendelea kununua mchicha soko la Darajani.

Kujipanga kunaanza kusi likiwa bado linavuma. Wazee wetu walikuwa na hesabu yao, na mimi naiona ni nzuri kuliko kalenda ya ukutani kwa kazi hii. Unaanza Nairuzi, ile siku ya mwaka ambayo Makunduchi wanaioga mwezi wa Julai, kisha unahesabu siku kumi kumi, mwongo baada ya mwongo. Mwongo wa tisa na wa kumi huangukia Oktoba. Basi ukirudi nyuma, kila kitu kinajipanga chenyewe: mwongo wa tatu samadi iwe imefika na imefunikwa, mwongo wa sita unaatika bilingani na pilipili, mwongo wa nane matuta yako tayari. Miche ya bilingani hukaa kitaluni wiki nne hadi sita. Aliyengoja tone la kwanza ndipo akaatike, mvua inamkuta na vimche vya majani mawili.

Sasa tuje kwenye jua, maana hapa ndipo watu wengi wanapochagua kona isiyofaa bila ya kujua. Jua letu linahama. Zanzibar iko nyuzi 6 kusini ya ikweta, kwa hiyo kuanzia Machi mwanzoni hadi Oktoba mwanzoni jua la adhuhuri linakaa upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki linakaa kusini. Huna haja ya dira. Kwetu kibla ni kaskazini, karibu sawasawa kabisa, na kila nyumba inajua kibla kiko wapi. Simama uani adhuhuri ya Juni uelekee kibla: jua liko mbele yako. Fanya hivyo hivyo Disemba, jua liko mgongoni.

Maana yake ni hii. Ukuta wa mita 3 unaokwenda mashariki na magharibi, adhuhuri ya Juni unatupa kivuli cha karibu mita 1.7 upande wake wa kusini. Ikifika Disemba kivuli kimehamia upande wa kibla, nacho hakifiki mita 1. Kwa hiyo ile kona inayokaa kivulini kipupwe chote, hata ukaidharau na kuifanya pahala pa kuwekea kuni, ndiyo itakayopata jua zuri la vuli. Na ile inayong'aa Julai chini ya ukuta inaweza kukupa matumaini bure. Tembea uani mara tatu kwa siku moja, asubuhi, adhuhuri na baada ya alasiri, ukiwa na vijiti vya kuchomeka, halafu usogeze hesabu yako kwa kujua jua linakokwenda. Bamia, bilingani na pilipili zipe pahala panapopigwa na jua kwa muda wa saa sita au zaidi kwa siku. Mchicha na matembele vinavumilia kivuli cha nusu siku, na majimbi yanapenda kukaa chini ya mgomba.

Udongo unategemea umejaaliwa kukaa wapi. Mwenye kinongo, ule mwekundu, ashukuru Mungu na asiuchezee sana. Kwangu mimi ni kichanga, ambacho maji yanapita kama kwenye kung'uto, hivyo kila msimu natia samadi na majani yaliyooza, na tuta nalifanya la chini, karibu sawa na ardhi, lisikauke upesi. Samadi iwe imeoza kweli, imekaa miezi miwili mitatu, ukiishika haina joto na haina harufu ya zizi. Ile mbichi inaunguza mizizi na inaleta magugu ya malisho yote ya ng'ombe.

Wifi yangu yuko Jambiani, na huko ni maweni matupu. Nilipokwenda nilimkuta kaweka bustani nzima juu ya jiwe: mipira chakavu ya gari, mabeseni yaliyopasuka, mapolo yaani magunia, na kwenye mashimo ya jiwe lenyewe kaotesha mpapai na pilipili. Chini ya kila polo anapanga makumbi, yale maganda ya nje ya nazi, sehemu ya nyuzi ikitazama juu, yananyonya maji na kuyatoa polepole. Nikamwambia, "Wifi, makumbi hayo si ya bure kwenu?" Akacheka. "Ya bure, lakini usichukue yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya usumba, zile nyuzi za kusokotea kamba. Yale yana chumvi, utaua kila kitu." Maji ya visima vya karibu na bahari nayo ni hivyo hivyo. Ndimu hazistahamili chumvi; mnazi hauna taabu nayo. Ukiona ncha za majani zinaungua na udongo unafanya utando mweupe juu, onja maji yako kabla ya kulaumu wadudu.

Maji ndiyo roho ya jambo hili. Mfereji wa mtaani kwetu, yaani bomba la maji, unatoka ukipenda, kwa hiyo nimejifunza kuhesabu bati. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1, basi paa la mita za mraba 40, pigo moja la milimita 10 ni lita 400, yaani mapipa mawili ya lita 200, ukitoa kidogo kinachomwagika. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ipite, ioshe vumbi na mavi ya kunguru. Halafu funika mapipa kwa kitambaa kilichokazwa, tena usifanye mzaha, mbu wanaoeneza homa ya dengi wanapenda maji safi yaliyotulia kama hayo.

Na yapo maji mengine tunayoyamwaga kila siku. Maji ya kutawadhia hayana sabuni, na nyumba ya watu sita inayosali sala tano ina mkondo mdogo usiokatika. Mimi niliomba tu fundi wa kutia zege pale pa kutawadhia ainamishe sakafu kuelekea kwenye matuta, basi. Bamia zangu zinanyweshewa mara tano kwa siku bila ya mimi kushika ndoo. Maji ya kuoshea mchele na samaki yaende mgombani.

Cha kupanda? Panda kinacholiwa nyumbani kwako. Kuna watu wanaotesha kabichi kwa sababu wameiona kwenye simu, na nyumbani kwao hakuna anayeila. Mchicha ndio wa kuanzia, kwa kuwa unachuma baada ya wiki tatu hadi nne na hapo moyo unapata nguvu. Umwage kidogo kidogo kila baada ya wiki mbili, si pakti nzima siku moja. Bamia kaa nayo miezi miwili, lakini ikianza lazima uichume kila baada ya siku moja, vinginevyo inakuwa kuni. Acha nusu mita au zaidi baina ya shina na shina, hata kama macho yanakuambia pamebaki uwazi. Matembele tia kwenye ukingo wa uwa yatambae yenyewe. Miti miwili mitatu ya muhogo kwa ajili ya kisamvu, shina la mchaichai karibu na mlango wa jikoni, na mronge mmoja kwenye kona. Tungule, yaani nyanya, nazitoa katika hesabu hii kabisa. Hizo zinataka ubaridi wa kipupwe, na ukizipanda Novemba zitachanua vizuri, kisha joto la usiku liyapukutishe maua yote.

Kuku wa jirani hawana adabu na hutawafundisha wewe. Omba wavuvi kipande cha wavu chakavu, ukiwambe juu ya tuta kwa vijiti mpaka miche ishike. Wavu wa pwani unadumu kuliko kitu chochote cha dukani.

Wadudu nitasema kwa ufupi. Majani ya mwarobaini yaliyotwangwa na kulowekwa usiku kucha, yakachujwa na kutiwa sabuni kidogo, yanatosha kwa vidukari vya kunde ukinyunyiza jioni. Koa wakubwa wanatoka usiku wa mvua za kwanza. Chukua tochi na ndoo, uwaokote. Dawa kali za dukani sizitaki kwenye mboga ambayo mwanangu anaichuma na kuila kabla haijafika jikoni.

Haya yote yasikufanye usahau kuifurahia vuli yenyewe. Huu ndio wakati wa kumbikumbi kujaa kwenye taa, vyura kupiga kelele mabondeni, na embe kuanza kuanguka, kwanza changa za kuliwa na chumvi na pilipili, halafu boribo na muyuni zenyewe. Watoto wakirudi skuli wanapitia kwenye matuta kabla ya kuvua viatu, kuangalia mbegu ya nani imetoka. Nimempa kila mmoja tuta lake dogo, na huo ndio ugomvi pekee wa nyumbani ninaouruhusu. Baada ya alasiri tunatandika mkeka upande wa kivuli, chai ya mchaichai uliokatwa pale pale, na mama mkwe anatoa hukumu juu ya kila mche. Panda na mkilua, ule wa maua yanayonukia, ikiwa una nafasi. Hauliwi, lakini jioni kilua kimoja kwenye kanga kinatosha.

Kaskazi ikishika, Januari na Februari, jua linakuwa kali na mapipa yanateremka. Hapo punguza. Ng'oa mchicha uliozeeka, tandaza makuti makavu au majani kwenye udongo, na maji yaliyobaki yape bilingani na pilipili, ambazo zitaendelea kuzaa. Chagua shina moja la bamia lililo bora kuliko yote, lifunge uzi mwekundu watu wasilichume, uache mabamia matatu manne yakauke juu ya mti mpaka yapasuke. Mbegu zake zianike kivulini, zitie kwenye chupa kavu pamoja na majivu ya jikoni, ufunge vizuri na uandike mwezi na mwaka. Hizo ndizo za Oktoba ijayo, na nyingine mpe jirani, khasa yule mwenye kuku.