Kwanza alijijaribia yeye

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza: masaji ni tiba au anasa? Mimi nauza nguo Kariakoo, mzigo naufuata Bangkok, soko la Pratunam, na jibu langu nililipatia huko huko, mgongoni.

Ukishinda siku nne unapanda na kushuka maghorofa ya nguo, jioni unafunga marobota, kiuno hakikuombi ruhusa. Safari yangu ya pili mwenzangu, mzoefu wa njia ile, akaniambia, "Dada, twende ukakandwe." Nilidhani ni mafuta na muziki wa taratibu. Kumbe Wathai wana kitu wanakiita luk prakob: furushi la mizizi na majani, kubwa kama chungwa, limefungwa kwa kitambaa cha pamba kisichopaushwa, amerikani kabisa, na ncha za kitambaa zimesokotwa na kukazwa kwa kamba hadi zikawa mpini wa kushikia. Linawekwa juu ya mvuke robo saa hivi, hata dakika 20, ndipo unakandwa nalo.

Vilivyomo ndani karibu vyote tunavijua: manjano, mchaichai, majani ya mkwaju, ganda la ndimu yao ile yenye makunyanzi, chumvi, kafuri. Mgeni kwetu ni plai, mzizi wa ukoo wa tangawizi, wa njano ndani, na huo ndio wanaousifia kwa maumivu ya misuli. Mizizi inapondwapondwa kinuni, haisagwi. Ukisaga umepata uji, na uji utakuvujia kitambaani.

Mama aliyenikanda alikuwa mtu mzima, vidole vimekuwa vya njano kwa manjano ya miaka. Alikuwa na mafurushi mawili, moja mkononi, moja chunguni. Kabla ya kunigusa alilibandika lile la mkononi kwenye mkono wake mwenyewe, upande wa ndani, chini ya kiwiko. Akalitoa, akasubiri kidogo, akalijaribu tena. Ndipo akaja mgongoni kwangu, na mwanzo hakukandamiza: gusa, toa, gusa, toa, haraka haraka, kando ya uti wa mgongo, kushuka mpaka kiunoni. Kadiri furushi lilivyopoa ndivyo alivyolituliza na kulizungusha, mwishoni akalilalia kwa uzito wa mwili wake. Likapoa kabisa, akalirudisha chunguni akachukua la pili. Harufu yake nusu mchuzi, nusu dawa ya kifua. Nilisinzia, nikakoroma, sioni aibu kusema.

Safari iliyofuata nikajifanya mwenyeji, nikaingia duka jingine la karibu na nilipofikia. Binti akalitoa furushi kwenye mvuke akanibandika moja kwa moja begani. Majani yale yale, kitambaa kile kile, nami nikarudi Dar na malengelenge mawili. Kwa hiyo wanaonisimulia habari za mitishamba tu huwa nawasikiliza nusu. Mitishamba ina kazi yake, lakini asiyejua kuutawala moto atakuunguza hata kwa dawa nzuri.

Kuhusu anasa: kwao serikali imekwishajibu. Masaji na kukandwa kwa mafurushi haya hutolewa katika hospitali za umma, na bima ya afya ya wananchi wote, iliyoanza 2002, inagharimia. Ukienda hekalu la Wat Pho, Bangkok, utaona ukutani mawe yaliyochorwa miili ya watu na mistari ya kukandia, kazi ya zama za mfalme Rama wa Tatu, miaka ya 1830. Hapo hapo ilifunguliwa mwaka 1955 shule ya tiba za jadi, ambayo hufundisha na masaji, na mwaka 2019 UNESCO ikaiingiza masaji ya Kithai katika orodha yake ya urithi wa binadamu. Sisi watalii tunalipia kiyoyozi na taulo nyeupe (ambalo, kwa manjano yale, halirudi kuwa jeupe). Hiyo ndiyo anasa. Furushi lenyewe ni dawa.

Na kwa kuwa ni dawa, si la kila mtu. Mwenye homa, kidonda kibichi, au aliyeteguka leo hii na pamevimba, aliache kwanza. Mwenye kisukari ambaye miguu imeanza kufa ganzi awe mwangalifu zaidi, maana ataungua bila kusikia.

Nilitengeneza langu nyumbani, tangawizi nikaiweka mahali pa plai, chungu nikakifunika vizuri. Mama yangu, ambaye amewakanda wazazi wa mtaa mzima kwa maji ya moto, alikaa kwenye mkeka ananitazama. Nikamweleza kuwa Wathai nao humkanda mama aliyejifungua kwa furushi hili, na zamani walimlaza karibu na moto siku kadhaa. "Sasa wewe umesafiri mpaka huko kwenda kuambiwa hayo?" akauliza. Akanusa. "Mwanangu, hii si imebaki nazi tu?"

Nikalala kifudifudi. Nilikuwa sijamweleza chochote kuhusu kupima moto wa furushi. Nilipogeuza shingo nikamwona amelibandika furushi kwenye mkono wake, chini ya kiwiko, anahesabu kimoyomoyo.

Msomaji wenu,
Kariakoo, Dar es Salaam