Barua Zenu: Kundi Kongwe la Roki Likiaga, Lipige Nyimbo Zipi?

Barua za mwezi huu, kutoka Kikwajuni mpaka Wete, zimekuja na ugomvi mmoja. Makundi makongwe ya roki yanatangaza ziara za kuaga, na wapenzi wao wanashikana mashati: wimbo gani uingie, upi uachwe, upi ufunge. Msimamo wetu tuuseme mapema: kabla ya kuuliza wimbo gani ni maarufu, uliza koo la mwimbaji linaweza nini na saa ya ukumbi inaruhusu dakika ngapi. Ubishi mwingi unamalizika hapo.

Wahariri, nimefuatilia orodha za nyimbo za KISS, kundi la roki la Marekani, katika ziara yao ya mwisho. Tangu Vancouver Januari 2019 mpaka New York Disemba 2023, nyimbo karibu zile zile, kwa mpangilio ule ule. Watu wenye albamu chungu nzima wanashindwa kubadilisha hata tano? Huo si uvivu? (Msomaji, Kikwajuni)

Si uvivu, ni kamba na moto. Katika shoo ile ya KISS, mwimbaji wao Paul Stanley alikuwa akibebwa juu ya vichwa vya watu mpaka kwenye jukwaa dogo la pili, akaimba huko "Love Gun". Gene Simmons wa gitaa la besi naye alipandishwa juu kwenye "God of Thunder". Kila mruko una mota yake, mikanda yake na fundi anayekagua vifungo kabla. Mataa, video na milipuko hufungwa kwenye kompyuta inayohesabu sekunde za wimbo tangu pigo la kwanza. Ukiuhamisha wimbo mmoja, fundi wa moto, wa mataa na wa kamba wote lazima wapange upya, na mwenye kusimama mahali pasipostahiki anaweza kuungua.

Hata hivyo tunakuunga mkono nusu. Kuna njia ya kati: nyimbo zenye moto na kamba zibaki pale pale, halafu ziachwe nafasi tatu au nne za nyimbo za mataa ya kawaida, ambazo fundi anaweza kuziendesha kwa mkono. Nafasi hizo ndizo zibadilishwe kila usiku. Kundi lisilofanya hivyo linamdhulumu mpenzi anayelipa tiketi mbili.

Asalaam alaykum. Tunabishana kazini kuhusu makundi yanayoshusha noti za nyimbo kwa sababu mwimbaji amezeeka. Mimi nasema ni udanganyifu, wimbo upigwe ulivyorekodiwa au uachwe. Mwenzangu anasema hakuna anayeisikia tafauti. Nani mkweli? (Msomaji, Mchangani)

Wa alaykum salaam. Nyote wawili mmekosea, ila wewe umekosea zaidi.

Mwimbaji aliyerekodi akiwa na miaka 25 hana sauti ile akiwa na 70. Noti za juu ndizo huondoka kwanza, na akizilazimisha usiku baada ya usiku nyuzi za sauti huvimba. Kundi la Aerosmith walianza ziara yao ya kuaga mwanzoni mwa Septemba 2023. Baada ya shoo tatu tu mwimbaji wao Steven Tyler akaumia koo, na Agosti 2024 kundi likatangaza kwamba halitafanya ziara tena. Kundi la Genesis walichagua njia nyengine katika ziara yao ya 2021 na 2022. Mwimbaji wao Phil Collins aliimba amekaa kitini, mwanawe akapiga ngoma, na nyimbo zikashushwa. Wakafika salama mpaka usiku wa mwisho, London, tarehe 26 Machi 2022.

Sasa tafauti inasikika wapi? Kushusha nusu toni, hatua ndogo kabisa ya kinanda, watu wengi ukumbini hawagundui. Kushusha toni nzima ni jambo jengine: noti ya La iliyokuwa mizunguko 440 kwa sekunde inakuwa 392. Mwenye sikio ataijua kabla mwimbaji hajafungua mdomo, kwa sababu gitaa halilii vile vile. Na hapo ndipo kazi ya fundi inapoanza.

Waya wa gitaa ukilegezwa nusu toni hupoteza kiasi cha asilimia 11 ya mvuto wake. Toni nzima, kiasi cha asilimia 21. Ukilegea hivyo unagonga kwenye vyuma vya shingo na kutoa mkwaruzo, na kidole kikikandamiza kwa nguvu noti inapanda na kuwa ya uongo. Dawa ni waya mnene zaidi: aliyekuwa akitumia seti inayoanza na 10 (unene wa waya mwembamba kabisa, kwa elfu za inchi) atie ya 11. Lakini waya mnene haukai sawasawa kwenye kijito kilekile (mfereji mdogo wa kupitishia waya) cha kichwani mwa shingo, hivyo kijito kipanuliwe kidogo kwa tupa na unyoofu wa shingo ukaguliwe. Ndiyo maana kundi kubwa halilegezi gitaa lile lile jukwaani. Linabeba gitaa la pili lililokwisha kuandaliwa. Kubadilishana gitaa ni sekunde 20 au 30 fundi akiwa tayari pembeni. Kutyuni upya, yaani kurekebisha nyaya, mbele ya watu ni dakika nzima na zaidi, na gitaa ambalo daraja lake, pale nyaya zinaposhikwa, limekaa juu ya springi halitulii hata hapo, kwa kuwa kila waya unaoulegeza unazivuta nyengine.

Tokea hapo utaelewa kwa nini nyimbo fulani hufuatana katika orodha. Hazifanani kwa maudhui. Zinatumia gitaa lile lile.

Kwenye gitaa la besi kuna mtego mwengine. Waya wa chini wa besi hupiga mizunguko 41 kwa sekunde. Ukishushwa toni nzima unafika kiasi cha 37, na spika ndogo hazitoi sauti hiyo ila ngurumo isiyo na noti. Kinanda cha umeme ndicho chepesi kuliko vyote, kitufe kimoja tu. Balaa ni mpigaji kusahau kukirudisha: wimbo unaofuata anaanza kundi zima likiwa huku na yeye kule.

Na kama kushusha ni udanganyifu, basi kundi la Black Sabbath walianza mapema mno. Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikatika ncha za vidole viwili kiwandani akiwa kijana, na katika albamu yao ya 1971, Master of Reality, gitaa lilishushwa toni moja na nusu katika baadhi ya nyimbo ili nyaya ziwe laini vidoleni. Uzito ule wa sauti ukawa ndio sifa yao.

Freddie Mercury kazaliwa hapa hapa Mji Mkongwe. Je, kundi lake la Queen walipiga "Bohemian Rhapsody" nzima jukwaani? Rafiki yangu anakataa. (Msomaji, Shangani)

Rafiki yako yuko sawa. Sehemu ya katikati, ile ya sauti nyingi zinazojibizana, ilirekodiwa kwa kurundika sauti juu ya sauti, na watu wanne hawawezi kuitoa. Katika shoo zao kamili walikuwa wakiondoka jukwaani, kanda ikapigwa huku mataa yakicheza, kisha wakarudi kwa kishindo sehemu ya gitaa ilipoingia. Kwenye tamasha la Live Aid, Julai 13, 1985, walikuwa na kama dakika 21 tu, basi wakapiga kipande cha mwanzo na kuruka kwenda "Radio Ga Ga". Wenye orodha ndefu za ndoto waitazame orodha ile: nyimbo sita, baadhi yake zimekatwa, na hakuna aliyedai arudishiwe nauli.

Mpangilio bora wa kuaga ni upi? Mimi nawapigia kura kundi la Rush kwa ziara ya 2015, waliokwenda kinyumenyume. (Msomaji, Chake Chake)

Kwa wazo, hatujaona la kuishinda. Walianza na nyimbo za albamu yao ya 2012 wakarudi nyuma mwaka hadi mwaka mpaka "Working Man" ya 1974, huku wafanyakazi wakipunguza vyombo jukwaani, hata mwisho zikabaki amplifaya juu ya viti kama ukumbi wa skuli. Waliingiza pia "Losing It", ambao kabla ya hapo hawakuwahi kuupiga jukwaani, na wapenzi wa ndani wakapata haki yao.

Kwa koo lakini, mpangilio ule ni mgumu. Nyimbo za miaka ya 70 ndizo mwimbaji wao Geddy Lee aliimba juu kabisa, na kwenda kinyume kunazitupa saa ya mwisho, mwimbaji ana miaka 61 na keshachoka. Mapumziko ya katikati yalimsaidia. Kundi lisilo na mapumziko lisijaribu. Kwa kawaida wimbo mgumu kuliko yote hukaa wa nne au wa tano: koo limeshapata moto, halijachoka. Baada yake uje wimbo wenye kipande kirefu cha gitaa au wa mwimbaji mwengine, naye apate maji na pumzi.

Hesabu ya saa ni hii. Ukumbi umetoa dakika 120. Toa 8 za maneno, 3 za kundi kutoka na kuitwa tena, na nusu dakika kwa kila wimbo. Kwa nyimbo 20 zinabaki dakika 99, yaani karibu dakika tano kila mmoja. Anayetaka ngoma peke yake dakika nane aseme anatoa wimbo gani na nusu. Na saa ya kufunga si mchezo: London, Hyde Park, Julai 2012, waimbaji Bruce Springsteen na Paul McCartney walizimiwa vipaza sauti wakiwa jukwaani kwa sababu muda ulipita.

Sisi ni watu 12 wa barza moja, tunataka kupiga kura ya orodha yetu ya ndoto kwa kundi tunalolipenda. Kila mwaka tunagombana. Tufanyeje? (Msomaji, Wete)

Mnagombana kwa sababu mnapiga kura kwa idadi ya nyimbo. Pigeni kwa dakika. Kila mtu apewe dakika 100, achague atakacho, aandike urefu wa kila wimbo kama ulivyo kwenye albamu na kuongeza dakika moja ya jukwaani. Mwenye kutaka "2112" ya Rush, dakika 20 na ushei, aichukue, lakini ajue amekula nafasi ya nyimbo nne. Hapo mtaona watu wanavyopunguza maringo.

Kila mtu aandike kwenye karatasi kabla ya mazungumzo kuanza, la sivyo mwenye sauti kubwa ndiye atakayepanga. Wimbo uliochaguliwa na watu saba au zaidi uingie moja kwa moja. Jumlisheni dakika zake. Zilizobaki msizigombanie kwa kura tena, kwani kura ya pili huwapa ushindi nyimbo za redio. Kila mmoja atetee wimbo mmoja tu uliokosa, kwa dakika mbili, na waliobaki wakubali au wakatae. Dakika zikijaa, simamisheni.

Nyimbo za ufunguzi na za kufunga zipigieni kura peke yake. Wimbo mzuri wa kufungua huanza na chombo kimoja, fundi wa sauti apate sekunde za kurekebisha. Ukianza na vyombo vyote, dakika ya kwanza ni makelele.

Hivi wanaoaga huaga kweli? (Msomaji, Mwanakwerekwe)

Mara nyingi hapana. KISS waliaga mwaka 2000 wakarudi. Mötley Crüe waliweka saini mkataba wa kutofanya ziara tena baada ya 2015, na 2022 walikuwa barabarani. Rush wenyewe, Oktoba 2025, wametangaza ziara na mpiga ngoma mwengine, baada ya Neil Peart kufariki 2020. Black Sabbath waliaga Birmingham Februari 2017, wakakutana tena Julai 5, 2025 kwa nyimbo nne tu, mwimbaji wao Ozzy Osbourne amekaa kitini. Siku 17 baadaye akafariki. Ile ndiyo iliyokuwa kuaga kweli.

Klabu yetu ya taarab inataka kumuaga mwimbaji wetu mkongwe kwa usiku mmoja, kwa muda wa saa mbili, Ngome Kongwe. Haya ya roki yanatufaa? (Msomaji, Unguja Mjini)

Hesabu inafaa, idadi haifai. Wimbo wa taarab asilia, pamoja na vyombo vya mwanzo na beti zake, ni dakika kumi au zaidi, na watu wakianza kutunza mwimbaji hurudia kiitikio mpaka mstari wa watoaji umalizike. Wekeni dakika 11 kwa wimbo. Bashraf (kipande cha vyombo vitupu) ya kufungulia dakika sita, nyimbo tisa dakika 99, kutyuni mara tatu dakika tisa. Zinabaki sita za risala, na mtoa risala aambiwe mapema kuwa ni sita.

Mkongwe aimbe nyimbo nne kati ya tisa, zisifuatane mbili, na wimbo wake wa kwanza uwe wa tatu katika orodha. Zilizobaki waimbe vijana. Panga nyimbo kwa makam (mpangilio wa noti za wimbo), za hijazi pamoja, za bayati pamoja, maana kanuni, kile chombo cha nyuzi kinacholazwa mapajani, ina nyuzi zaidi ya 70, tatu tatu kwa noti, na kuhama makam kila wimbo kutamuua mpigaji. Kama sauti imeshuka, fidla na udi watahama bila taabu. Kanuni na kodiani ndio wa kuulizwa kwanza, wiki mbili kabla, si usiku wenyewe.

Upepo wa bahari wa usiku huleta unyevu, na daraja la kanuni limekaa juu ya ngozi: ngozi ikilegea daraja linazama na chombo chote kinashuka. Tyuni pale pale uwanjani saa moja kabla, kisha tena bashraf ikiisha. Dumbaki za ngozi zipashwe moto kidogo kwa mbali. Zile za plastiki hazihitaji. Na mteueni mtu mmoja wa kupokea fedha za kutunza kabla hazijafika jukwaani, kwani noti zikimwagika juu ya nyuzi za kanuni mpigaji hana budi kuacha kupiga.