Anaharisha, na ORS anaitapika

SWALI: Mwanangu ana miezi 11. Tangu jana anaharisha majimaji na kutapika. Zahanati wamesema ni virusi, wakanipa ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji) na zinki tu. ORS nikimpa anaitapika. Nimpe Flagyl? Bibi yake anasema ni meno.
Mama J., Morogoro

JIBU: Pole, Mama J. Flagyl usimpe, haiui virusi. Dawa za kufunga tumbo, kama loperamidi, ni mbaya zaidi: kwa mtoto wa umri huu zinaweza kuupooza utumbo. Na meno hayaharishi, ila yanaota katika umri uleule wa kutambaa na kutia kila kitu mdomoni.

Kuhusu kutapika, tatizo kwa kawaida ni kasi ya kunywesha. Mtoto mwenye kiu akipewa kikombe hugugumia, tumbo likajaa ghafla, yote yakarudi. Mpe kijiko kimoja kidogo cha ORS kila baada ya dakika moja au mbili. Akitapika, subiri dakika 10, uanze tena polepole zaidi. Kazi inachosha, lakini kijiko cha mililita 5 kila dakika mbili ni mililita 150 kwa saa. Kila akiharisha anahitaji mililita 50 hadi 100. Kunyonya kuendelee, na chakula chake cha kawaida pia, kidogo kidogo.

Soma pakiti ya ORS kabla ya kuchanganya, maana zipo za lita moja na za nusu lita. Mimina yote kwenye maji safi ya kiasi hicho, yaliyochemshwa na kupoa. Kugawa unga kwa kukadiria kwa macho ndiko kunakoharibu: ukizidi, chumvi hupanda kwenye damu, ukipungua, haurudishi kilichopotea. Usiongeze sukari, wala usimpe soda badala yake, kwa kuwa sukari nyingi huvuta maji kuingia utumbo na kuharisha kukazidi. Iliyobaki baada ya saa 24, mwaga.

Zinki ni miligramu 20 kwa siku (chini ya miezi sita, 10), kwa siku 10 hadi 14. Yeyusha kidonge kwenye kijiko chenye maziwa yako. Wengi huacha zinki choo kikishakuwa kigumu. Usiache, siku zilizobaki ndizo zinazomkinga na kuharisha tena miezi ijayo.

Mrudishe kituoni mara moja akilegea au kuwa mzito kuamka, akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, macho yakidumbukia, ngozi ya tumbo ukiifinya ikirudi taratibu, akiwa na homa, au ukiona damu kwenye choo.

SWALI: Wangu alipata chanjo ya rota, mbona ameharisha?
Baba K., Tanga

JIBU: Chanjo hiyo, inayotolewa wiki ya 6 na ya 10, hukinga hasa kuharisha kukali kwa virusi vya rota, kunakolaza watoto hospitali. Haizuii virusi vingine, kama noro na adeno. Virusi hivyo hupita mikononi, kwa hiyo nawa kwa sabuni kila ukimaliza kumtawaza.